Dune imemfichua Mahdi wake, imewasahau waliomwamini

Mtu wa Mtopanga, Mombasa, anapoitazama Dune: Part Two, huisikia mara mbili. Mara ya kwanza huisikia kama anavyoisikia mtazamaji wa Paris au Tokyo: mngurumo wa madudu makubwa yanayopita chini ya mchanga, muziki wa Hans Zimmer unaotikisa viti, na lugha ya kubuni ya Wafremen, watu wa jangwani wa hadithi hiyo, ambayo kila mtu hulazimika kuisoma kwenye maandishi ya chini ya skrini. Mara ya pili huisikia kwa sikio la pwani. Wafremen wanapomwita kijana Paul Atreides Mahdi, hahitaji kufasiriwa. Wanapomwita Lisan al-Gaib, filamu inaeleza kuwa maana yake ni sauti itokayo ulimwengu wa nje, lakini yeye anasikia ulimi wa ghaibu, na ghaibu ni neno zito katika mtaa ambao mtoto akiingia chuo cha Kurani hufunzwa mapema kwamba elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Fedaykin, wapiganaji waliokula yamini kumlinda Paul, ni jamaa wa neno letu fidia, kwa kuwa wamejitoa nafsi zao ziwe fidia. Usul, jina analopewa Paul ndani ya jamii, lina shina moja na asili. Muad'Dib, jina lake la vita, lina shina moja na adabu. Na kiongozi wa Wafremen katika kitabu huitwa naib, neno ambalo kwetu limekuwa naibu, tukalipeleka katika kila ofisi ya serikali.

Ndani ya maneno hayo ndimo ulimo uzuri wa filamu hii, na ndimo ulimo upungufu wake. Mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa Dune, riwaya ya Frank Herbert iliyotoka mwaka 1965, na nasema bila kusita kwamba sehemu hii ya pili ya mwongozaji Denis Villeneuve, iliyoingia kumbi za sinema Machi 2024, imekielewa kitabu hicho kuliko filamu nyingine yoyote iliyotengenezwa kutokana nacho. Imemwonyesha Paul kama Herbert alivyotaka aonekane, yaani mtu wa kuogopwa kabla ya kushangiliwa. Lakini katika kumvua Paul ushujaa, imewavua Wafremen kitu chenye thamani kubwa zaidi, nacho ni akili yao. Imetuonya juu ya mtu anayevaa joho la mkombozi. Haikutuambia kwa nini watu wenye akili timamu humvika joho hilo.

Asiyeijua hadithi ataifuata kwa urahisi. Sayari ya Arrakis ni jangwa tupu, lakini ndiko pekee kunakopatikana kiungo ambacho bila yake hakuna chombo kinachoweza kusafiri kati ya nyota. Ukoo wa Atreides unapewa sayari hiyo, kisha unaangamizwa na mahasimu wao wa ukoo wa Harkonnen kwa msaada wa siri wa mfalme mkuu. Paul na mama yake, Jessica, wanakimbilia kwa Wafremen, wenyeji wa jangwa. Jessica ni mmoja wa Bene Gesserit, chama cha wanawake ambacho kwa karne nyingi kimepanda bishara katika jamii dhaifu, ili siku moja dada yao akikwama huko apokewe kama mtu aliyengojewa. Paul anaijua hila hiyo. Anaona pia, katika maono yake, vita vitakavyopiganwa kwa jina lake na maiti zitakazozagaa. Anakataa, anasitasita, mwisho anakubali. Herbert, aliyechota mengi katika historia ya Imamu Shamil aliyepambana na Urusi huko Kaukasia karne ya 19, aliandika hadithi ya onyo. Wasomaji wengi wakaisoma kama hadithi ya ushindi. Ndipo mwaka 1969 akatoa Dune Messiah, ambamo waliokufa katika vita vya Paul wanahesabiwa kuwa bilioni 61.

Lawama kubwa ya wapenzi wenzangu wa kitabu inahusu Chani, msichana wa Kifremen aliyechezwa na Zendaya. Katika riwaya Chani anamwamini Paul na kubaki ubavuni pake hata anapochumbia binti wa mfalme kwa ajili ya kiti. Katika filamu Chani hasadiki bishara hata kidogo. Anasema waziwazi kwamba hadithi ya mkombozi ni kamba ya kuwafungia watu wake, na mwisho Paul anapotwaa ufalme, yeye anageuka, anakwenda jangwani peke yake na kuliita dudu limbebe. Wanaolalamika wanasema huo ni uharibifu wa kitabu. Naielewa hoja yao, kwa sababu anayekipenda kitabu hukilinda kama mali yake. Lakini waulizwe swali moja: kama kitabu chenyewe kilisomwa visivyo na maelfu ya watu, hadi mwandishi akalazimika kuandika kingine cha kujisahihisha, uaminifu ni kurudia kosa lile lile au ni kulitibu? Villeneuve alichagua kutibu. Ndani ya riwaya tunaingia katika mawazo ya Paul na kuisikia hofu yake, ila filamu haina mlango huo. Chani ndiye aliyepewa kazi ya kuwa hofu hiyo yenye miguu na sauti. Bila yeye tungeshangilia hadi taa ziwashwe, kisha tukarudi nyumbani tukiwa tumempigia makofi mtu anayekwenda kuua.

Ushahidi wa ubora wa badiliko hilo uko katika tukio moja. Paul amekunywa Maji ya Uhai, sumu ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuinywa akapona, naye amelala kama maiti. Bishara inasema atafufuliwa na machozi ya Chemchemi ya Jangwa, na hilo ndilo jina la siri la Chani. Chani hataki kuingia katika mchezo huo. Jessica anatumia nguvu ya sauti, ile amri ambayo masikio hayawezi kuikataa, na Chani analazimika kutoa chozi lake na kulitia mdomoni mwa Paul. Paul anazinduka. Waliokuwepo wameona muujiza, ilhali sisi tumeona shurutisho. Papo hapo Chani anamzaba Paul kofi. Kwa dakika chache filamu imeeleza kile ambacho vitabu vya siasa hukieleza kwa sura nzima: bishara hutimia kwa sababu wapo wenye uwezo wa kuwalazimisha wengine waitimize, na hata asiyesadiki anaweza kugeuzwa kuwa dalili. Herbert hakuliandika tukio hilo hivyo. Angelikuwa hai, naamini angelikubali.

Hapo ndipo sifa zangu zinapokoma. Villeneuve amewagawa Wafremen mafungu mawili. Wa kaskazini ni vijana wa vita wanaocheka bishara, na wa kusini ni washika dini wanaoisubiri. Wa kaskazini wana majina, wana utani, wana hoja. Wa kusini ni umati. Tunawaona kwa mbali, maelfu wamejaa chini ya mwamba, nyuso zimefunikwa, mikono imeinuliwa, na sauti zao zimeungana kuwa mvumo mmoja. Hakuna hata mmoja wao anayepewa nafasi ya kukaa na kusema amepoteza nini, anaogopa nini, au kwa nini bishara ile imemfaa maishani. Wanaosadiki, kwa mujibu wa kamera, hawana habari ya kusimulia.

Anayewakilisha waumini kwa jina ni Stilgar, aliyechezwa kwa umahiri na Javier Bardem, naye amefanywa kichekesho. Paul akisema yeye si Mahdi, Stilgar hujibu kwamba unyenyekevu huo ndio alama ya Mahdi. Akishindwa jambo, kuna tafsiri. Akifaulu, kuna tafsiri. Ukumbi hucheka, na ni kweli kwamba fikra ya namna hiyo, isiyoweza kukosolewa na jambo lolote, ipo duniani na inafaa kuonyeshwa. Lakini katika riwaya kugeuka kwa Stilgar kunaumiza. Paul anatazama na kugundua kuwa amempoteza rafiki, akapata mwabudu mmoja zaidi. Ni msiba wa watu wawili, kwa kuwa Stilgar alikuwa kiongozi mwenye busara na akaisalimisha busara yake. Filamu inatuchekesha juu ya Stilgar tangu mwanzo, kwa hiyo anapofika kwenye usalimishaji huo hatuna tena cha kumlilia. Mtu uliyekwisha kumcheka ni vigumu kumwona kuwa ameporwa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunajua kwamba jambo hili linaweza kufanywa vizuri zaidi, kwa sababu limekwisha kufanywa. Mwaka ule ule wa 1969 ambao Herbert alichapisha Dune Messiah, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Waandishi hawa wawili waliandika katika pande mbili za dunia wakiwa wamekamata swali moja. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji yaliyoaminiwa kuwa yangegeuza risasi za Wajerumani, na vita vya Majimaji vikawaka kusini mwa Tanganyika kuanzia 1905 hadi 1907. Katika tamthilia, Kinjeketile anagundua kwamba alichokitoa kinywani kimekwisha kuwa kikubwa kumpita yeye, na hawezi tena kukirudisha. Ndiye Paul yuleyule mbele ya jeshi lake. Tofauti iko kwa watu wanaomzunguka. Hussein anaanza na njaa, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na mijeledi ya wasimamizi. Anamweka jukwaani Kitunda, anamweka Bibi Kitunda, anawaweka watu wa makabila yanayotiliana shaka, wakibishana na kuhojiana. Maji yanapokuja, tumekwisha kuelewa yamewaletea nini: sababu ya kuaminiana miongoni mwao. Mtazamaji anatoka akimhurumia nabii na kuwaheshimu waliomfuata. Tamthilia yenye watu wachache jukwaani ilimudu jambo ambalo filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 700 haikulimudu.

Historia ya ukanda huu wa pwani inaongeza hoja nyingine. Dune inachukulia kwamba bishara ya wanyonge lazima iwe imepandwa na mgeni. Waulizwe Wagiriama, ambao baadhi ya wajukuu wao wanaishi Kisauni hapa Mombasa hadi leo. Mapokezi yao yanasema Mepoho aliwatabiria kuja kwa wageni wenye nywele kama katani kabla wageni hao hawajaonekana. Mwaka 1913, serikali ya Mwingereza ilipotaka kodi na vijana wa kufanya kazi mbali na kwao, Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, akawakusanya watu Kaya Fungo, makao yao matakatifu, wakala kiapo cha kukataa. Alikamatwa na kuhamishiwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Mwezi Agosti 1914 Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Bishara ile na kiapo kile havikupandwa na chama chochote cha mbali. Vilikuwa lugha ya jamii ya kuliita janga kwa jina lake na kuamua namna ya kukabiliana nalo. Mekatilili hakutafuta kiti cha enzi. Hadithi inayosema imani ya watu wa jangwa ni mbegu ya mgeni tu inawanyang'anya hata uwezo wa kuota ndoto zao wenyewe.

Yapo majibu mawili ya kuitetea filamu, na yote yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba bishara iliyopandwa ndiyo hadithi ya Herbert mwenyewe, basi asilaumiwe Villeneuve. Ni kweli, lakini Herbert hakuishia hapo. Wafremen wake walikuwa na mradi wao ambao haukumhitaji Paul. Kwa miongo mingi, wakiongozwa na mwanasayansi Pardot Kynes na baadaye mwanawe Liet, walikuwa wakikusanya maji tone kwa tone na kupanda nyasi za kuzuia mchanga, wakijua wazi kuwa sayari itakuwa kijani baada ya wao, watoto wao na wajukuu wao kufa. Hiyo ndiyo imani iliyo tukufu kuliko zote kitabuni, nayo ilikuwa na hesabu ndani yake. Filamu inatuonyesha birika kubwa la maji ya wafu ambalo hakuna anayeligusa hata akifa kwa kiu, tukio zuri mno, kisha mradi wenyewe unapunguzwa hadi ukawa ahadi ya jumla ya paradiso. Mtazamaji wa Mombasa anaitambua hasara hiyo haraka. Jiji hili hunywa maji yanayotoka mbali, chemchemi za Mzima huko Tsavo na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na katika mitaa ya Kisauni mikokoteni ya mitungi ya lita 20 bado hupita ikiuza maji. Watu waliozoea kuhesabu maji kwa mtungi wangeuelewa ujasiri wa jamii inayoweka akiba ya maji kwa ajili ya wajukuu ambao haitawaona.

Jibu la pili linahusu neno jihadi. Herbert alilitumia neno hilo tena na tena katika riwaya yake, na filamu zote mbili za Villeneuve zimeliepuka, zikaweka vita vitakatifu mahali pake. Watetezi wanasema ni hekima: neno hilo limechafuliwa kwa damu na kwa propaganda, na kulitamka katika sinema ya burudani kungewaletea Waislamu shubiri zaidi. Sipuuzi hofu hiyo. Hapa pwani, vijana wameshukiwa kwa sababu ya neno hilo, na familia zimelia. Lakini tuangalie kilichobaki baada ya neno kuondolewa. Umati wa wenye vilemba na mitandio umebaki. Kusujudu kumebaki. Mahdi amebaki, na kifo kwa ajili yake kimebaki. Kilichoondoka ni neno pekee ambalo, kwa upana wa maana yake, lingeweza kuipinga picha hiyo. Kwa Kiswahili jihadi imezaliwa tumbo moja na juhudi na jitihada. Herbert alijua upana huo, ndiyo maana faharasa ya kitabu chake imejaa maneno kama aql, ayat, burhan na taqwa, ambayo sisi tunayo kama akili, aya, burhani na takua. Dini ya Wafremen wake ilikuwa na akili na burhani. Ya filamu ina kelele na goti tu.

Wengine husema pia kuwa hadithi inatokea mwaka 10,191 kwa kalenda yake yenyewe, maelfu ya miaka mbele yetu, na hakuna lugha inayoweza kudumu hivyo, kwa hiyo ni sawa Kiarabu cha kitabu kikififia. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama filamu ingeyaacha maneno yote. Imeyaacha ya akili, ikashika ya kutisha na ya kupendeza masikioni. Tena sisi tunajua jinsi maneno yanavyodumu. Mreno alipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698, na hadi leo mwanamke wa Mtopanga anajifunga leso, anapanga sahani mezani na kuiona bendera shuleni kwa mtoto wake: leso, meza na bendera ni maneno matatu aliyoyaacha Mreno. Neno hudumu likiwa na kazi ya kufanya. Villeneuve angeamua kuyapa kazi maneno ya Wafremen, yangedumu.

Najua pia watakaosema kuwa nadai mengi mno kutoka katika burudani ya dakika 166, na kwamba tuzo mbili za Oscar, ya sauti na ya athari za picha, zinatosha kuonyesha filamu hii ilikusudia nini. Siamini kuwa ilikusudia hayo tu. Ilipata wakati wa kutuonyesha kwa kina uwanja wa mapigano wa Harkonnen, umepigwa picha kama duniani hakuna rangi, na tukamjua muuaji wao Feyd-Rautha hadi namna anavyopumua. Filamu iliyo na subira ya kumfahamu muuaji ingeweza kupata dakika tano za kumfahamu mama mmoja wa kusini anayesubiri Mahdi kwa sababu amezika watoto.

Na jambo hili lina uzito wake hapa. Januari 2024, miezi miwili kabla ya filamu kutoka, mhubiri na wafuasi wake walifikishwa katika Mahakama ya Shanzu, ndani ya eneo bunge hilohilo la Kisauni, wakakana mashtaka yanayohusu vifo vya Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, na upande wa mashtaka unasema watu waliambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Mwokozi. Mahakama ndiyo itakayosema nani ana hatia. Sisi wengine tuna swali ambalo mahakama haitalijibu: waliokwenda msituni walikuwa nani? Miongoni mwao walikuwamo watu waliosoma, watu wenye mishahara, wazazi wanaowapenda watoto wao. Wengi wetu tulijibu upesi kwamba walikuwa wajinga, na jibu hilo likatupa usingizi. Sanaa nzuri ingetunyima usingizi huo. Ingetuingiza katika nyumba ya mtu kabla hajauza shamba lake, tuusikie upweke, deni au ugonjwa uliomfanya aone mlango pale ambapo sisi tunaona ukuta. Onyo linalomlenga kiongozi peke yake hutufunza kumtambua tapeli wa jana. Atakayekuja kesho atakuwa na sura nyingine, lakini atabisha hodi kwenye njaa ileile.

Sehemu ya tatu, inayotokana na Dune Messiah, imepangwa kutoka Desemba 2026. Villeneuve amekwisha kumaliza kazi ya kumfichua Paul. Hakuna mtazamaji makini atakayeingia ukumbini tena akidhani ni shujaa. Sasa ana deni kwa wengine. Mwisho wa sehemu ya pili, kamera inakaa kwenye uso wa Chani jangwani, na ni uso unaostahili kutazamwa. Lakini dakika chache kabla ya hapo, mamia ya Wafremen wamepanda vyombo kwenda kupigana katika sayari wasizozijua, wakiwa wamefunika nyuso, hatujasikia jina hata moja. Kila mmoja wao ameacha mtu nyumbani na kiu yake. Hadithi ya Mahdi imekwisha kusimuliwa. Iliyobaki ni yao.